Mgema wa Leo Hutia Nini?

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufunzwa shuleni kuwa onyo dhidi ya majivuno, na aghalabu mafunzo huishia hapo. Lakini ndani yake mna jambo jingine lisilozingatiwa sana, nalo ni kwamba mnywaji wa zamani alimjua mgema wake. Alimjua kwa jina na kwa mnazi alioukwea, na hata hila yake ilijulikana. Hasara kubwa iliyoweza kumpata mnywaji huyo ni kulipia maji kwa bei ya tembo.

Mgema wa zama zetu hatosheki na maji. Mwezi wa Mei mwaka 2014, watu zaidi ya 60 walifariki katika kaunti kadhaa nchini Kenya, Embu ikiwa miongoni mwa zilizoathirika vibaya, baada ya kunywa vileo vilivyotiwa methanoli. Wengine walinusurika kifo lakini wakapoteza macho. Mnamo Februari 2024 maafa ya namna hiyo yalibisha hodi kwa jirani, katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga. Ni kwa kuikumbuka misiba hiyo ndipo ninapotaka tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, yaani kinywaji ambacho mtu hujichanganyia mwenyewe nyumbani.

Siku hizi si ajabu kumwona mkazi wa mji wa Meru au wa Embu akiwaandalia wageni wake kile ambacho Wamarekani hukiita whiskey sour, na kukitia matunda ya shambani kwake. Asili yake ni nyepesi: pombe kali, maji ya ndimu au limau, na utamu wa sukari. Vinywaji vya jamii hiyo vilikwisha kuandikwa katika kitabu cha Jerry Thomas kilichochapishwa New York mwaka 1862. Wapo watakaosema kwamba huu ni ugeni mtupu, tena wa kuiga. Mimi naona kwamba tukiuchunguza kwa jicho la lugha, tutaona kuwa mgeni huyu ana jamaa zake hapa kwetu.

Tuanze na ladha. Neno moja la Kiingereza linalotumika katika jina hilo hubeba ladha ambazo Kiswahili huzitenganisha. Tuna ugwadu, ambao ni ukali wa ndimu au ukwaju. Tuna uchachu, ambao ni ukali wa kitu kilichoumuka, kama uji uliolala. Tena tuna ukakasi, ule mkwaruzo unaoachwa ulimini na ndizi mbichi. Kwa hiyo kinywaji cha Jerry Thomas ni cha ugwadu, kwa kuwa ukali wake hutoka moja kwa moja katika tunda. Muratina, kileo cha jadi cha Mlima Kenya, ni cha uchachu, kwa kuwa ukali wake huzaliwa na wakati. Mwenye kuyajua maneno hayo matatu ameshajua nusu ya kazi ya mchanganyaji.

Muratina yenyewe ni somo zuri la maana za maneno. Jina hilo ni la tunda kabla ya kuwa la kinywaji. Ni tunda refu la mti ambao Waswahili huuita mwegea, lenye umbo kama la soseji nene. Likiwa bichi hudhuru, wala haliliwi. Hupasuliwa, likachemshwa na kukaushwa, kisha likatiwa katika asali iliyochanganywa na maji, au katika maji ya miwa, chombo kikawekwa mahali penye joto. Hamira hujificha ndani ya nyuzinyuzi za tunda, na ndiyo maana tunda lile lile huanikwa likatumika tena na tena. Bila ya kuwa na maabara, wazee walikuwa wakihifadhi mbegu ya uchachu kutoka pishi moja hadi jingine.

Sidai kwamba zamani palikuwa peponi. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, ameeleza jinsi wanaume wazee wa Afrika Mashariki walivyokifanya kileo kuwa haki na alama ya mamlaka yao. Vijana na wanawake, ambao mara nyingi ndio waliofanya kazi, hawakupewa sauti sawa. Hata hivyo, utaratibu huo ulikuwa na hekima moja isiyopasa kutupwa. Kila mtu alijua kilichomo chomboni, aliyekitengeneza, anayeruhusiwa kukinywa, na shughuli iliyokileta, iwe ni posa au upatanisho. Asiyeweza kuyajibu hayo manne hakuwa na sababu ya kuinua kibuyu.

Methanoli hustawi pale ambapo maswali hayo hayaulizwi. Ni alkoholi ya viwandani. Imefanana mno na ile ya vileo, hata ulimi na pua haviwezi kutegemewa kuitenga. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva za macho. Wala tusijidanganye kwamba chupa yenye kibandiko ni hirizi, kwani kibandiko nacho chaweza kusema uongo. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliifuta ile ya mwaka 1980 iliyoharamisha chang'aa, ikaruhusu itengenezwe kwa masharti ya leseni na viwango, na ikakataza kuwauzia vileo walio chini ya miaka 18. Sheria hiyo ilikuwa haijatimiza hata miaka minne maafa ya Embu yalipotokea. Ni dhahiri basi kwamba sheria pekee haimlindi mnywaji asiyeuliza.

Sasa turudi nyumbani. Mtu mzima aliyeamua kunywa, na aliyenunua wiski halali katika duka linalojulikana, aweza kujichanganyia hivi. Kwanza alainishe asali ya Tharaka au ya Mbeere kwa maji vuguvugu ya kiasi sawa na asali hiyo. Kisha atwae chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko kinachobana. Atie wiski mililita 60, maji ya ndimu mililita 30, asali iliyolainishwa mililita 20, na maji ya embe la Mbeere mililita 30. Asiye na embe atumie karakara moja, lakini apunguze ndimu, maana karakara lina ugwadu wake. Atie barafu, atikise kwa nguvu kwa muda wa sekunde 15 hivi, kisha achuje. Ugwadu ukizidi, aongeze asali. Utamu ukizidi, aongeze ndimu.

Hapo pana hesabu ambayo utamu wa embe huificha. Wiski yenye nguvu ya asilimia 40, ikiwa mililita 60, ina mililita 24 za alkoholi tupu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Glasi hiyo ndogo, inayoteremka kama maji ya matunda, imeishinda chupa nzima ya bia. Mwenyeji asiyewaambia wageni wake jambo hilo naye ni mgema wa aina yake, ingawa hakutia sumu.

Kwa wanafunzi, na kwa yeyote asiyekunywa kileo, siwaachi mikono mitupu. Wiski katika mchanganyiko huu huleta ukali unaozuia utamu usichoshe. Kazi hiyo hufanywa vyema na chai ya rangi kutoka miteremko ya Meru na Embu, iliyokolezwa sana kisha ikapozwa, kwa sababu chai ina ukakasi wake. Changanya chai hiyo na ndimu, asali, embe na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Utapata ugwadu, utamu na ukakasi katika glasi moja, na akili yako itabaki mahali pake.

Mwalimu atakayeifundisha methali ya mgema asiishie katika majivuno. Awaulize wanafunzi wake mgema wa leo hutia nini, nani amemwona akitia, na kwa nini mnywaji hakuuliza. Kijana aliyezoea kutaja kwa jina kila kilichomo katika glasi yake hatakubali kwa urahisi kupokea gizani chupa asiyoijua asili yake. Nao waliozikwa Embu mwaka 2014 hawakupata wa kuwajibu.