Mapatano ya Tanga ya 1914 na hatari inayokosekana katika michezo ya vita

Kuna vijana wanne huku Kangemi, magharibi mwa Nairobi, wanaotengeneza mchezo wa kompyuta kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia Afrika Mashariki. Mimi kompyuta siijui sana. Waliniita kwa kuwa ni mtu wa Pwani na historia ya vita vile nimeisoma. Kilichowakwamisha ni diplomasia.

Katika mchezo wao, ukibonyeza “omba mapatano”, kompyuta hurusha dadu: mara sita kati ya kumi unakubaliwa, mara nne unakataliwa. Niliwaambia hiyo ni kamari tu. Mapatano ya vita huwa na hatari kwa sababu aliyetia saini pengine hana mamlaka, wakubwa wake wako mbali, na makamanda wake wenyewe hawayataki.

Tanga ndiyo mfano mzuri. Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Pegasus, ilifika pale, na nahodha wake akapatana na wakuu wa mji: nyinyi msitushambulie, nasi hatutaupiga mji mizinga. Gavana wa Kijerumani, Schnee, aliyapenda mapatano kwa sababu alitaka kuinusuru miji ya pwani. Mkuu wake wa jeshi, Lettow-Vorbeck, hakutaka hata kuyasikia. London nako, wakubwa wa wanamaji walikataa kuyaridhia.

Yakabaki yananing’inia hivyo hadi tarehe 2 Novemba, Waingereza walipokuja na wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Kapteni Caulfeild wa manowari Fox aliona si haki kushambulia bila kutoa taarifa. Akaingia bandarini asubuhi kutangaza kwamba mapatano yamekwisha, na akauliza kama kuna mabomu yaliyotegwa majini. Mkuu wa wilaya, Auracher, akasema anakwenda kushauriana. Hakurudi! Alipeleka simu kwa Lettow-Vorbeck, naye akaleta askari wake kwa reli kutoka Moshi huku Waingereza wakipoteza saa nyingi kutafuta mabomu ambayo hayakuwepo. Wakashindwa na jeshi la watu kama elfu moja. Nyuki ndio wanaosimuliwa zaidi katika vita vile, lakini kwangu mimi jambo kubwa ni zile saa.

Kwa hiyo dadu tumeiondoa. Sasa mchezaji anaweza kupatana papo hapo, na mji unapona siku ile ile. Barua ya kuomba idhini huchukua siku zake, na kabla ya jibu anaona nani upande wake ananung’unika. Akitaka kuvunja mapatano, ana njia mbili. Akitoa taarifa, adui anapata muda. Asipotoa, anawahi, ila hakuna mji mwingine utakaomwamini tena. Hatari yote iko wazi mbele yake kabla hajabonyeza.

Lililotugombanisha ni watu wa mji. Kwenye ramani yao Tanga ilikuwa kidoti chenye bandari na reli, kana kwamba hapakuwa na msikiti, soko wala mtu. Nikawapeleka katikati ya jiji, Kenyatta Avenue, kwenye sanamu za watu watatu zilizowekwa 1928, mmoja wao mpagazi. Wanazipita kila wiki wakiwahi matatu. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na njaa, na vita viliendelea hadi Novemba 1918. Sasa kila mapatano yanapovunjika, mchezo unahesabu vijiji vinavyotolewa wapagazi, na idadi hiyo haifichwi.

Kijana mmoja analalamika kuwa hesabu hiyo inawafanya wachezaji waogope kushambulia. Nimemwambia aiache hivyo hivyo kwanza, tuone watakavyocheza.