Puto Huinuliwa na Baridi

Je, wajua kwamba hewa iliyomo chumbani mwako ina uzito? Chumba cha mita nne kwa nne, chenye dari la mita tatu, kikiwa Mombasa au Dar es Salaam kina zaidi ya kilo 50 za hewa. Ni mfuko mzima wa saruji, nasi tunapita katikati yake kila siku bila kuuhisi.

Puto la hewa moto limesimama juu ya jambo hilo tu. Wengi wakiliona Serengeti au Masai Mara, kichomeo kikinguruma na kutoa ulimi wa moto, hudhani moto ndio unaolisukuma. Sivyo. Moto kazi yake ni kuipasha hewa ya ndani hadi itanuke, nyingine itoke kwa chini mdomoni, na inayobaki iwe nyepesi. Kinachonyanyua ni hewa ya nje, ile baridi na nzito, inayojipenyeza chini na kulibeba puto zima juu.

Hesabu yake ni tamu. Chukua puto la mita za ujazo 10,000, ukubwa unaokaribiana na wa yale yanayobeba abiria 16 mbugani. Seronera, huko Serengeti, iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri joto huweza kushuka hadi nyuzi 15. Hewa ya nje inayoweza kujaza nafasi hiyo ina uzito wa tani 10 na ushei. Ipashe ya ndani hadi nyuzi joto 100, na uzito wake utashuka hadi karibu tani 8. Tofauti hiyo, tani mbili na kitu, ndiyo inayobeba mfuko wa nailoni, kikapu, mitungi ya gesi, rubani na abiria wote.

Sasa subiri jua lipande, nje pawe na nyuzi joto 30. Ndani hujabadili kitu, lakini umepoteza karibu nusu tani ya nguvu. Hao ni watu sita wa kushushwa. Unaweza kusema: basi ongezeni moto. Nailoni haikubali, ikizidishiwa joto huchoka na kupoteza uimara, kwa hiyo rubani ana kikomo chake.

Ndiyo sababu watu huamshwa usiku. Mwezi wa nane ndugu walioko ng'ambo wanapokuja kuwasalimia wazee, siku hizi safari ya puto imekuwa zawadi ya kuwapa, ingawa bei yake ni mamia ya dola kwa kila kichwa na mimi naiona ghali mno. Katika msafara wa kwetu, mama mkubwa aligongewa mlango saa 9 usiku. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza: "Jamani wanangu, hao nyumbu mchana hawaonekani?" Wanaonekana, mama. Ila mchana ardhi ikishapata moto, hewa hupanda kwa mafungu na upepo huanza kuyumba, na chombo kinachotegemea utulivu hakina lake hapo.

Maandalizi yenyewe hayana mbwembwe. Mfuko hutandazwa chini, feni kubwa huujaza hewa baridi, kisha kichomeo huwashwa. Mara nyingi kikapu huwa kimelazwa ubavu, na abiria huingia na kulala chali, magoti juu, hadi puto lisimame nacho. Gesi ni propani, ndugu wa ile ya mtungi wa jikoni. Imechaguliwa kwa sababu huchemka kwenye nyuzi joto 42 chini ya sifuri, hivyo hata asubuhi ya baridi hutoka mtungini kwa nguvu zake yenyewe bila pampu.

Mjomba, ambaye ameendesha malori miaka mingi, alikizunguka kikapu kizima akitafuta usukani. Hakuna. Rubani ana mambo mawili tu: kupanda na kushuka. Lakini pepo za juu na za chini aghalabu hazielekei upande mmoja, kwa hiyo anayetaka kwenda kushoto hutafuta kimo ambacho upepo wake unakwenda kushoto. Kabla ya kuruka marubani huachia kibaluni kidogo na kukitazama kinavyopinda angani. Hapo huisoma njia yao. Na kwa kuwa puto huenda na upepo kwa mwendo uleule, kikapuni upepo hausikiki. Khanga ya mama mkubwa haikupepea hata kidogo.

Hata waliolivumbua puto hawakujua kwamba hewa baridi ya nje ndiyo inayoliinua. Ndugu wawili Wafaransa wa ukoo wa watengeneza karatasi, Joseph-Michel na Jacques-Étienne Montgolfier, walirusha puto lao hadharani mjini Annonay tarehe 4 Juni 1783. Waliamini moshi ndio wenye nguvu ya kunyanyua, wakawa wanachoma majani na sufu ili ufuke vizuri. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, mbele ya Mfalme Louis wa 16 huko Versailles, walipandisha kondoo, bata na jogoo, na wote watatu wakashuka hai. Binadamu walifuata tarehe 21 Novemba mjini Paris. Chombo cha sasa chenye nailoni na propani kilikuja baadaye sana: Mmarekani Ed Yost alikirusha Nebraska mwaka 1960. Kwetu, Alan na Joan Root walipita juu ya Kilimanjaro kwa puto mwaka 1974, na miaka miwili baadaye Alan akaanzisha safari za watalii Masai Mara.

Kutua ndiko kunakohitaji akili. Kumbuka zile tani 8 za hewa: nazo zinatembea, na kikapu kikigusa nyasi hazisimami papo hapo. Rubani huvuta kamba inayofungua vali ya kileleni ili hewa moto itoke. Abiria huchuchumaa na kushika vishikio, na kikapu, kinachosukwa kwa matete au fito nyembamba, hupinda kidogo na kumeza kishindo. Chuma kisingefanya hivyo. Hatari kubwa ni nyaya za umeme. Mwaka 2016 huko Texas puto lilizigonga na watu 16 wakafa. Mbuga isiyo na nguzo za umeme ni mahali pazuri pa kuruka.

Mkiamua kwenda, vaeni masweta na viatu vya kufunika, na mrefu wenu avae kofia, maana kichomeo huunguza utosi. Ulizeni umri unaoruhusiwa. Kampuni nyingi hazichukui watoto wadogo wala wajawazito. Ulizeni pia fedha zitarudi vipi safari ikifutwa. Na rubani akisema leo hatupai, msimbembeleze, hata kama shangazi ndege yake ya kurudi ni kesho.