Kikokotoo cha Figo na Rangi ya Ngozi

Chukua mwanamke wa miaka 50 ambaye kreatinini kwenye damu yake imesoma maikromoli 106 kwa lita. Kwa kikokotoo kilichotolewa 2009 na kuenea hospitalini, figo zake zinachuja mililita 53 kwa dakika. Lakini fomu ikionyesha kwamba mgonjwa ni mweusi, jibu linazidishwa kwa 1.159 na kupanda hadi 61. Damu ni ile ile. Ila chini ya 60, hali hiyo ikidumu miezi mitatu, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Kwa hiyo huyu mama anaweza kurudi nyumbani akiambiwa yuko salama, na kilichomwokoa kwenye karatasi ni rangi yake tu.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zikichoka, hurundikana kwenye damu. Tatizo ni kwamba wingi wake unategemea pia misuli ya mtu na nyama anayokula. Watafiti wa Marekani waliotoa kikokotoo kilichotangulia, cha mwaka 1999, waliona kwamba washiriki weusi walikuwa na kreatinini nyingi kuliko weupe ambao figo zao zilichuja sawa na zao. Wakaweka kizidishio cha 1.180, na maelezo yakawa kwamba watu weusi wana misuli mikubwa. Ushahidi wa maelezo hayo ulikuwa dhaifu. Na hata ungekuwa na nguvu, ungewahusu Wamarekani waliopimwa, si mvuvi wa Lamu wala mkulima wa Kagera.

Huko Marekani kwenyewe madhara yalikuwa mazito. Ili mgonjwa aanze kuhesabiwa muda wa kusubiri figo ya kupandikizwa kabla hajaanza kusafishwa damu, namba yake sharti ishuke hadi 20. Mwenye 19 alisomeka 22 kwa sababu ni mweusi, akabaki nje ya foleni huku figo zikiendelea kufa. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa figo lilipendekeza kikokotoo kipya kisichouliza rangi. Mwaka 2023 hospitali za upandikizaji ziliagizwa kupitia upya mafaili ya wagonjwa weusi na kuwarudishia muda waliodhulumiwa. Naliita deni, na lililipwa kwa kuchelewa sana.

Kwetu Afrika kizidishio hicho kilipokelewa pamoja na mashine na vitabu. Utafiti uliochapishwa 2022 ulipima watu wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda kwa njia ya uhakika: mtu anadungwa dawa iitwayo ioheksoli, kisha damu inachukuliwa mara kadhaa ili kuona figo zinaiondoa kwa kasi gani. Vikokotoo vya kreatinini vilizipa figo sifa zisizostahili, na kizidishio cha rangi kikazidisha kosa. Waliokuwa chini ya 60 kweli walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale ambao kreatinini iliwaonyesha.

Kuondoa rangi, basi, hakutoshi. Kikokotoo cha 2021 kinampa mama yetu 55, jibu la busara zaidi, lakini bado kinategemea misuli. Aliyekondeshwa na kifua kikuu, Ukimwi au njaa hutoa kreatinini kidogo, na figo mbovu zikaonekana nzima. Kipimo cha sistatini C hakiyumbishwi sana na misuli, ingawa uvimbe mwilini na maradhi ya tezi ya shingo hukivuruga. Ni ghali, na maabara nyingi za wilaya hazina.

Maabara ambayo bado inazidisha kwa rangi ifute kizidishio hicho leo, hakuna gharama. Nawe mwenye kisukari au presha, ukipewa majibu ya kreatinini, uliza kikokotoo gani kimetumika, kisha omba na mkojo upimwe protini, kwa sababu protini huweza kuvuja miaka mingi kabla kreatinini haijapanda.