Je, Wajua? Herufi Moja Yaweza Kuzidisha Dozi Mara Kumi

BD na TDS kwenye cheti cha dawa ni vifupisho vya Kilatini: mara mbili kwa siku, na mara tatu. Lakini OD ina utata: huweza kumaanisha mara moja kwa siku, na kwenye matibabu ya macho, jicho la kulia. Hatari zaidi ni U, yaani yuniti za insulini. Ikiandikwa ovyo husomeka kama sifuri, na 10U ikawa 100. Ndiyo maana mwaka 2004 Joint Commission, shirika la Marekani linalokagua ubora wa hospitali, liliiweka kwenye orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa. Wapo watakaosema vifupisho huokoa muda, na foleni kweli ni ndefu. Hata hivyo, kuandika “yuniti” huchukua sekunde mbili tu, ilhali dozi iliyozidi yaweza kuua. Usipoelewa, muulize mfamasia. Kuuliza si ujinga.