Mchezo wa vita unaomweka kijana upande wa Dola

Wazazi huuliza kama michezo ya vita ya kompyuta inaharibu vijana. Swali hilo halijibiwi kwa neno moja, kwa sababu michezo hiyo haifanani. Leo tuangalie mmoja wa zamani ambao wapenzi wa michezo bado wanautaja kwa heshima: Star Wars: TIE Fighter, uliotolewa na kampuni ya LucasArts ya Marekani mwaka 1994.

Kwanza tujue ulikotoka. Star Wars ni filamu ya George Lucas iliyotoka mwaka 1977. Inasimulia juu ya Dola kubwa linalotawala nyota nyingi kwa nguvu, na juu ya waasi wanaolipinga. Kwetu hapa mashariki neno "waasi" lina uzito wake, lakini katika filamu ile waasi ndio wanaotetea uhuru wa watu, na Dola ndilo linaloteketeza sayari nzima pamoja na wakaaji wake. Ili kupanga mapigano ya angani, Lucas alitumia picha za ndege za Vita vya Pili vya Dunia kama mfano. Hata Lawrence Holland, aliyebuni mchezo huu pamoja na Edward Kilham, alikuwa ametengeneza michezo juu ya ndege za vita hivyo kabla ya kufika huku.

Mwaka 1993 hao wawili walikuwa wametoa mchezo wa X-Wing, ambamo mchezaji ni rubani wa waasi. Mwaka uliofuata waligeuza meza: sasa mchezaji anakuwa rubani wa Dola. Anakaa mbele ya vioo na vipimo vya chombo chake. Anaamua nguvu ngapi ziende kwenye injini na ngapi kwenye silaha, na akizidisha huku, kule kunapungua. Chombo chake cha kwanza hakina hata ngao ya kuzuia risasi, ingawa vile vya waasi vinayo. Hapo tayari kijana makini anaweza kutambua jinsi wakubwa wa Dola wanavyothamini maisha ya askari wao.

Lakini somo kubwa liko katika maneno. Kabla ya kuruka, rubani anaelezwa kazi yake na afisa, na maneno anayosikia ni mazuri: amani, utaratibu, usalama. Kazi ya kwanza ni kukagua vyombo vya mizigo, kama askari anavyokagua magari kwenye barriere. Baadaye watu wa aina mbili wanapigana wao kwa wao katika eneo liitwalo Sepan, na Dola linaingia kati kwa jina la kuleta amani. Halafu kuna wakubwa wa jeshi waliosaliti, ni lazima wafuatwe. Rubani akifanya vizuri anapewa medali. Pembeni, mtu aliyefunikwa kichwa anampa amri za siri, na akizitimiza anapanda cheo katika kundi la siri la Mfalme wa Dola. Hakuna anayemwambia kwamba anatumikia uovu. Kila kazi ina sababu yake, na kila sababu inaonekana ya haki.

Ndiyo maana mchezo huu unastahili kufikiriwa. Unaonyesha jinsi mtu wa kawaida, mwenye nidhamu na bidii, anavyoweza kuvutwa hatua kwa hatua kwa kazi ndogo, sifa na majina mazuri. Hatari yake iko papo hapo. Kutoka chumba cha rubani adui ni nukta tu kwenye kioo, hana uso wala familia. Kijana anaweza kumaliza mchezo wote akikumbuka medali peke yake.

Watengenezaji wengine wamerudia jambo hilo. Star Wars: Squadrons, uliotolewa na Electronic Arts mwaka 2020, unamfanya mchezaji awe rubani wa upande mmoja, kisha wa upande wa pili, kwa zamu.

Basi, mzazi au kiongozi wa vijana akikuta kijana anacheza mchezo wa namna hii, asiseme tu "zima." Aketi karibu, aulize: Nani ametoa amri hii? Anaiita kazi hii jina gani? Na yule anayepigwa, yeye angeiita nini? Katika eneo letu wapo wanaowafuata vijana wakiwaahidi bunduki, cheo na kazi ya kulinda amani. Heri kijana awe amezoea kuuliza maswali hayo mbele ya kompyuta, kabla hajaulizwa na mtu wa namna hiyo kama yuko tayari kumfuata.