Umbo la mashine ya kahawa ni mali ya nani?

Fundi wa kuchomelea wilayani Mbinga akiibadili mashine ya mkono ya kumenya kahawa, akaipa mdomo mpana, miguu inayokunjwa na mwili mwembamba unaobebeka hadi mashamba ya Namswea, wateja watamfuata. Msimu unaofuata karakana ya jirani itatoa mashine ileile, pengine kwa bei ya chini. Je, ana haki ya kumzuia?

Kuna mambo matatu hapa, na sheria huyatenganisha. Namna mpya ya mashine kufanya kazi ni suala la hataza, chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217. Jina lililopakwa ubavuni ni alama ya biashara, chini ya Sura ya 326. Zote mbili zinasimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Sura ya mashine yenyewe, yaani mistari, mkunjo, rangi na mapambo yake, ndiyo inayoitwa muundo wa viwandani, na hapo ndipo Tanzania Bara ilipoacha pengo. Sheria hizo mbili hazisajili miundo. Tulichorithi kwa mkoloni ni sheria iliyotambua huku miundo iliyosajiliwa Uingereza. Mwenye kiwanda wa Birmingham alilindwa Songea bila kufika, ilhali fundi wa Songea hakuwa na daftari la nchi yake la kuandikia kazi yake. Ni dhuluma kwa mafundi wetu, na haistahili kuvumiliwa. Kenya iliweka usajili wa miundo katika sheria yake ya mwaka 2001, ikitoa ulinzi wa miaka 5 unaoongezwa mara mbili hadi 15. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2008, Uganda 2014.

Mlango uliopo uko Harare, kwenye shirika la kikanda la miliki ubunifu, ARIPO. Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, inaruhusu ombi moja litaje nchi kadhaa. ARIPO hukagua fomu na michoro, kisha nchi zilizotajwa hupewa miezi 6 ya kupinga. Ada hutozwa kwa dola. Kwa karakana inayouza mashine chache kwa msimu, huo ni mzigo.

Ugumu mwingine ni upya. Umbo lililokwisha kuonekana hadharani kwa kawaida hupoteza sifa ya kusajiliwa, na mafundi wengi hukimbilia kuonyesha kwanza. Mtu anaipeleka mashine Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, anapigwa picha na kupongezwa, kisha ndipo anaulizia usajili. Mpangilio unapaswa kugeuzwa: ombi kwanza, maonyesho baadaye. Aliyekwisha kuwasilisha ombi katika nchi moja ya Mkataba wa Paris ana miezi 6 ya kuomba kwingine bila kupoteza tarehe yake ya kwanza.

Upya huo huo ndio unaoziacha nje kazi za wazee. Mitumbwi ya pwani ya Nyasa na vyungu vinavyofinyangwa kwa mtindo wa mababu havisajiliki kama miundo mipya. Ngoro za Wamatengo, mashimo yale yanayozuia udongo kuporomoka milimani, ni maarifa ya kilimo wala si umbo la bidhaa. Mfinyanzi anayebuni pambo lake mwenyewe, hata hivyo, ana kinga asiyoijua: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inahusu pia sanaa za matumizi, na hakimiliki huanza kazi inapokamilika, bila kusubiri cheti. Michoro yenye tarehe na picha za hatua za kazi ndizo zitakazomsaidia mahakamani.

Kwa kahawa yenyewe, nadhani fedha za kwanza ziende kwenye jina. Alama hulindwa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ethiopia ilipigania majina ya Sidamo, Harrar na Yirgacheffe hadi Starbucks ikakubaliana nayo mwaka 2007. Kifuko chenye umbo zuri kinaweza kufuata.

Mashine ni jambo jingine, kwa sababu thamani yake iko kwenye umbo na utendaji. Hapo chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) kinaweza kununua haki kutoka kwa fundi, kubeba ada za Harare kwa pamoja, na kuwapa leseni mafundi wengine kwa malipo yaliyoandikwa kwenye mkataba. Kwa njia hiyo aliyebuni analipwa, na mashine zinawafikia wakulima kabla kahawa haijaiva.