Unataka Kuvalisha Pikapu Yako Tairi za AT? Kabla Uende Nayo Kitui ama Makueni, Soma Hii

Ka uko na pikapu, ama ni ya mzee na wewe ndiye hutumwa ocha kuleta mzigo, najua umeziona. Zile tairi za meno makubwa, maandishi meupe ubavuni, zimevaliwa na Hilux ama D-Max ya jamaa fulani imepaki pale stesheni ya mafuta Wote. Ndai ni kama yako tu, lakini yake inakaa ni ka inaenda vita. Unarudi kwa yako, unaiangalia, unaona ni ka imevaa ndala.

Tulia kwanza. Seti ya tairi nne mpya za AT ni hela ya ng'ombe, na hata si ng'ombe mkonde. Ukambani kuna mahali zitakulipa kila shilingi, na kuna mahali hazitakusaidia na chochote. Kuna mahali pia zinaweza kukupa ujasiri wa uongo, na hapo ndipo watu hufa. Wacha tubonge vizuri.

AT ni nini hasa?

Tairi za pikapu ziko za aina tatu kubwa. HT ni za lami: meno madogo, zimenyamaza, mafuta zinakula kidogo. MT ni za matope: meno ni ka ya mamba, na ukiziweka kwa lami unasikia kelele hadi unashindwa kuskiza ngoma. AT iko katikati, ni tairi ya kila njia.

Watu wengi hununua AT juu ya meno, lakini kwa barabara za huku kitu cha maana mara nyingi ni ubavu. Tairi nyingi za AT, hasa zenye zimeandikwa LT, zina ubavu mgumu na tabaka zaidi ndani. Ukipita marram yenye mawe makali, ka zile njia za mawe ya volkano upande wa Makindu na Kibwezi karibu na Chyulu, ama ukipanda Yatta, ubavu ndio hukatwa. Na ubavu ukikatwa, fundi wa pancha hana la kukusaidia. Hiyo tairi imeenda.

Gharama yake? AT ni nzito, so mafuta itaenda zaidi kidogo. Inapiga kelele zaidi. Na kwa lami iliyolowa, AT nyingi huchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko HT nzuri. Hiyo ya mwisho iweke kwa akili, juu hakuna mwenye anakuuzia atakuambia.

Kwanza hesabu barabara zako

Kuwa mkweli na wewe mwenyewe. Kutoka Machakos kupitia Wote hadi Makindu ni lami. Kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui mjini pia ni lami siku hizi, si ile ya zamani ya kula vumbi siku nzima. Ka safari yako ni hizo, na marram ni ile kilomita moja ya kuingia kwa boma la shosho, nunua HT nzuri, hiyo pesa ingine nunulia shosho tanki ya maji.

Lakini ka wewe ni wa kutoka lami na kupotea ndani, hadithi ni ingine. Na udongo wa Ukambani si mmoja. Vilima vya Mbooni na Kilungu vina udongo mwekundu, na mvua ikinyesha mteremko unageuka sabuni. Kitui Kusini, ukielekea Mutha, ni mchanga. Kuna sehemu za udongo mweusi ule wa kunata, wenye ukikanyaga na kiatu unarudi nyumbani na kilo mbili kila mguu.

Kwa marram na mawe, AT inashinda wazi. Kwa udongo mwekundu inasaidia, lakini usijipige kifua: ukiwa umebeba maembe na unashuka, ni gia ndogo na mguu mpole ndio vitakushikilia. Kwa udongo mweusi, meno ya AT yanajaa matope ndani ya dakika chache, na kutoka hapo uko na tairi kipara yenye umenunua bei ya juu. Dawa ya udongo mweusi ni kungoja jua. Kaa chini, kunywa chai.

Mchanga: siri ni upepo

Hii itakuokolea pesa. Kwa mchanga wa laga, pikapu yenye HT imeshushwa upepo mara nyingi itapita mahali pikapu yenye AT mpya imejazwa upepo wa lami itazama hadi difu.

Sababu ni rahisi. Ukishusha upepo, tairi inalala, inakanyaga eneo refu zaidi, uzito unasambaa, na ndai inapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ka hujabeba mzigo, teremsha hadi psi 18 ama 20. Endesha polepole, usikate kona kwa fujo, juu tairi inaweza kuchomoka kwa rim. Ukihisi inaanza kuzama, usikanyage mafuta kwa hasira. Simama, rudi nyuma kwa nyayo zako mwenyewe, ujaribu tena.

Halafu, na hii ni lazima, jaza upepo kabla ya kurudi lami. Tairi laini ikienda kasi inapata moto kutoka ndani, na inaweza kupasuka. So kabla ya kununua AT, nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwa betri na kipimo cha upepo. Hiyo ndiyo pesa ndogo yenye itabadilisha maisha yako kuliko zote.

Soma namba za ubavuni

Hapa ndipo watu wa kubeba mzigo hukosea, na makosa yenyewe hayaonekani kwa macho. Baada ya saizi kuna namba ya uzito. Namba 104 maana yake hiyo tairi moja inabeba kilo 900. Namba 110 ni kilo 1,060. Namba 112 ni kilo 1,120.

Sasa chukua mfano. Pikapu ya kazi imekuja na tairi za 205R16C. Hiyo C inamaanisha ni tairi ya mzigo, na namba yake ni 110. Wewe unaona AT safi ya 205/80R16, inaingia kwa rim bila shida, lakini imeandikwa 104. Kila tairi umepoteza kilo 160. Tairi mbili za nyuma umepoteza kilo 320. Hiyo ni kama magunia matatu na nusu ya ndengu ya kilo 90. Pikapu inakaa imeongezwa nguvu, kumbe umeipunguza. Na wewe utaendelea kupakia vile ulizoea, ushuke mteremko kwa joto la saa nane, tairi ipasuke nyuma ukiwa kwa kona.

Sheria ni moja: namba ya tairi mpya isiwe chini ya ile ilikuja na gari. Angalia kibandiko chenye kiko kwa mlango wa dereva, hapo pia ndipo utapata upepo wa kuweka ukiwa na mzigo na ukiwa mtupu.

Ukiwa bado umeinama hapo, tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Usikubali kuuziwa "mpya" yenye imekaa stoo miaka sita ati juu meno yapo. Mpira huzeeka hata bila kutembea. Watengenezaji wengi husema zikifika miaka 5 zikaguliwe kila mwaka, na zikifika 10 zitolewe, meno yawe au yasiwe.

Kubwa zaidi si bora zaidi

Fundi atakuambia, "Wacha tukuwekee kubwa kidogo, ikae juu." Sawa, piga hesabu. Ukitoka 265/65R17 uende 265/70R17, tairi inaongezeka urefu milimita 26 hivi. Lakini gari inapanda nusu tu ya hiyo, milimita 13. Hiyo ni upana wa kidole. Kwa hicho kidole, mita ya spidi inaanza kukudanganya: ikisoma 100, wewe kwa ukweli uko 103. Injini inachoka zaidi mlimani, na tairi inaweza kugusa matope gadi ukikata kona umebeba. Baki na saizi ya gari yako.

Na ukinunua, nunua nne. Kwa 4x4, mbele na nyuma zikiwa na urefu tofauti, gia na difu zinapigana ukiweka zote nne zivute, na hiyo vita mwenye kulipa ni wewe. Spea nayo iwe ya urefu sawa. Ka doh ya AT nne haijafika, HT nne nzuri ni bora kuliko AT mbili na kipara mbili.

Ka pikapu yako ni ya kuvuta nyuma tu, jua AT haigeuzi kuwa 4x4. Ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi na itateleza. Watu wa Kitui walijua dawa zamani: magunia machache ya mchanga juu ya difu.

Sasa tuongee kuhusu mto

Msimu wa maembe Makueni huanza kunoga mwezi wa Disemba. Mvua kubwa ya kutegemewa Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Disemba. Umeona shida? Wakati una haraka zaidi, mzigo unaoza, broka anapiga simu kila dakika, ndio wakati laga zinashuka. Na laga haina adabu. Unaweza kuwa umesimama kwa jua kali, kumbe mvua ilinyesha huko juu, maji yako njiani.

Tarehe 4 Disemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wakienda harusi lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, maji yakiwa yamepita juu ya daraja. Watu zaidi ya 30 walikufa. Hilo lilikuwa basi, na uzito wa basi ukilinganisha na pikapu yako ni ka ndovu na mbuzi.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani huonya hivi: maji yanayokimbia ya sentimita 30 yanaweza kubeba gari ndogo nyingi, na sentimita 60 yanaweza kubeba hata pikapu. Sasa pima tairi yako. Ile ya 265/65R17 ina urefu wa sentimita 78 hivi. Yaani maji hayajafunika hata tairi, na tayari pikapu inaweza kuondoka. Na tairi imejaa hewa. Ukiweka kubwa zaidi, umeongeza maboya. Meno hayashiki kitu ka gari imeinuka kutoka chini.

So hakuna AT ya mto. Hakuna MT ya mto. Ka huoni barabara chini ya maji, zima injini, rudi nyuma mbali na ukingo, ngoja. Laga nyingi hupungua baada ya masaa. Maembe yakioza ni hasara, lakini mwaka ujao miti itazaa tena.

Kwa ufupi

Ka unaishi kwa lami, baki na HT. Ka njia zako ni marram ya mawe na mchanga kila wiki, nunua AT: saizi ya gari yako, namba ya uzito isiyopungua, tarehe ya karibuni, zote nne. Pampu na kipimo cha upepo vikuje kabla ya tairi. Na siku ukiwa umesimama kwa ukingo wa laga, jamaa wa nyuma anapiga honi ati pikapu yako ina tairi za nguvu, unaogopa nini, mpishe. Mwambie atangulie. Utaona vile atazima injini pia.